Waya Uliosema Upande Mmoja

Waya wa umeme hauna juu wala chini. Nimeushika maisha yangu yote ya kazi na sijauona ukichoka kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo nesi wa zahanati aliponiambia kwamba waya niliomfungia unasema upande mmoja tu, yaani yeye akiita chini wanasikia lakini wa chini wakiita yeye hasikii, nilimjibu hapohapo kwamba hilo haliwezekani.

"Basi njoo ulione hilo lisilowezekana," akasema. "Leo limenikuta na sindano mkononi."

Ilikuwa miaka ya ujamaa, katika kijiji kipya kilichoanzishwa karibu na reli, upande wa Tura. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tabora mjini, wa Cheyo. Shule niliiacha mapema, pale mwalimu alipoanza kugawanya kwa njia ndefu, na sijawahi kuijutia. Umeme nilijifunza kwa kuubebea waya. Nilikuwa kibarua wa reli, nabeba marobota ya waya begani kutoka nguzo hadi nguzo, na wakati wenzangu wanavuta sigara mimi nilikuwa natazama mafundi wanafunga nini na nini. Nilipoacha kibarua nilikuwa najua kufunga taa, kengele na simu za waya, na hakuna mtu aliyenipa cheti. Watu walinipa kazi. Mwenyekiti wa kijiji kile aliniita kwa sababu alisikia kwamba fundi wa Cheyo haombi vifaa ambavyo havipo.

Vifaa kweli havikuwepo. Kulikuwa na injini moja ya dizeli iliyopewa kazi tatu na nguvu za kazi moja na nusu. Ilitakiwa izungushe mashine ya kusaga, pampu ya kisima, na dainamo ya taa za zahanati. Pampu na dainamo zilikubali kwenda pamoja. Mashine ya kusaga ilitaka injini yote peke yake. Kwa hiyo wanawake wakija na mahindi, mwendesha mashine anauvua mkanda kwenye dainamo na kuuvisha kwenye mashine, na zahanati inabaki bila taa mpaka wamalize.

Injini ilikuwa chini, penye mbuga, karibu na kisima. Zahanati na tangi la maji vilikuwa juu kwenye mwinuko, na nyuma yake ikipita ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kuja Tabora. Imeota nyasi, lakini wazee wa pale walikuwa wanakuonyesha kwa mguu: hapa ilipita, hapa walitua mizigo. Katikati kuna miyombo mirefu. Aliye chini hamwoni aliye juu, wala sauti haifiki.

Mwenyekiti akaniuliza watasemezana vipi. Waya uliopatikana ulikuwa wa njia moja tu, nyuzi mbili za kupeleka umeme wa taa. Nikamwambia watasemezana kwenye huohuo wa taa. Alinitazama kana kwamba nimelewa, na mimi pombe siijui.

Nilichofanya nilikiona relini. Umeme ukiwa unazunguka kwenye waya, ukiukata popote, kila aliye kwenye waya ule anajua. Basi kila ncha niliweka kengele inayonyamaza umeme ukiwepo na kulia ukikatika, na pembeni yake kitufe cha kuukata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Ukibonyeza juu, kengele zote mbili zinalia, ya juu na ya chini, na taa inakonyeza. Ukibonyeza chini, ni vilevile. Wakati dainamo haizunguki, betri zilizokaa kule chini zinaushikilia waya ili kengele zisilie ovyo. Na ndani ya tangi niliweka boya. Maji yakipungua boya linashuka na kukichokoza kisanduku nilichokifunga ukutani mwa zahanati, na kisanduku chenyewe kinaukata waya mara moja, bila mkono wa mtu. Aliye chini anajua tangi limekauka, anawasha pampu.

Kisanduku kile walikiita mnyapara. Wazee wa Kinyamwezi ndio waliokipa jina, kwa sababu mnyapara wa misafara alikuwa anaongoza wapagazi, yeye mwenyewe habebi kitu. "Angalia," waliambizana, "kamekaa ukutani tu, kazi yake kutuma wenzake."

Kanuni niliyowapa ilikuwa fupi. Mlio mmoja maana yake nakuita. Milio miwili maana yake nimekusikia. Anayeita asifanye kitu mpaka ajibiwe. Hapo ndipo penye kazi yote. Mtu yeyote anaweza kupiga kelele kwenye waya. Kinachotakiwa ni ujue kwamba umesikiwa.

Siku ya kufungua, watu wamejaa kwenye nyumba ya injini, nesi akabonyeza kule juu. Mlio mmoja. Mwendesha mashine akajibu miwili. Bibi mmoja aliyekuwa amekalia gunia akasema, "Kaamkia, kaitikiwa." Watu wakacheka sana, na jina likazaliwa palepale: mlio mmoja shikamoo, miwili marahaba. Mimi nilifurahi. Somo lilikuwa limejifundisha lenyewe.

Sasa niwaseme hao wawili, maana waya ulikuwa wao.

Nesi alikuwa binti wa upande wa Sikonge, mtoto wa Wamoravian, mwembamba, mwenye maneno machache na yote yamenyooka. Alikuwa ndiye nesi, ndiye mkunga, ndiye mfagiaji. Kijiji kilikuwa kimekaa muda mrefu bila mtu wa kuzalisha, na kabla yake aliletwa mwingine akakimbia.

Mwendesha mashine alikuwa mzee kunipita, mtu wa mjini kama mimi, Mwislamu, kofia yake nyeupe hata kwenye moshi wa dizeli. Ujana wake wote aliumaliza akitia makaa kwenye injini za treni. Alistaafu, akahamia kijijini, na injini ile ndogo aliilea kama mtoto wa uzeeni. Hakuwa mvivu na hakuwa mkorofi. Mnyapara akimwita kwamba tangi limekauka, alikuwa anajibu marahaba kwa tangi kwanza, ndipo anawasha pampu. "Tangi hili lina adabu," alikuwa anasema. "Limelelewa."

Basi tatizo. Chumba cha kuzalishia kilikuwa na dirisha, lakini akina mama walidai lizibwe kwa tofali, kwa sababu njia ya kwenda kisimani inapita pale na wanaume hawana haya. Likazibwa. Chumba kikawa cha taa, mchana na usiku. Ndiyo maana kanuni ilisema, kabla ya kuvua mkanda kwenye dainamo mzee apige kengele, nesi akijibu ndipo avue. Kama nesi ana mtu mkononi, hajibu, na wa chini wanasubiri.

Siku niliyoitwa, nesi alikuwa anamshona mama aliyejifungua, na taa ikakata. Hakuna kengele. Akamalizia kwa mwanga wa mlangoni, huku shangazi wa yule mama ameshika pazia na kugeuza uso. Haikuwa mara ya kwanza.

"Fundi," akaniambia, "mimi sigombani na mtu. Nimeshaandika barua ya uhamisho na sanduku langu nimelifunga. Hili nikuambie kama kaka yangu. Waya huu usiponiita, treni ya wiki ijayo ninapanda. Nikimuua mtu mle ndani ataulizwa nesi, haitaulizwa kengele."

Sanduku lilikuwa pale pembeni ya mlango, la bati, limekazwa kwa kamba ya katani. Nikaelewa mambo yalipofika. Kijiji kitabaki na nyumba nyeupe yenye tangi na kisanduku ukutani, na wanawake watarudi kuzalia kwenye mkokoteni wa ng'ombe njiani kwenda Tabora.

Nilianza na kengele yenyewe. Niliteremka asubuhi, mashine haijapata mteja hata mmoja. Nikamwamkia mzee, nikabonyeza kitufe. Mlio mmoja. Hata sijaondoa kidole vizuri, miwili ikarudi kutoka juu. Nikabonyeza tena, ikarudi tena.

"Mzee, mbona inakwenda?"

"Mimi nilisema haiendi?"

"Wewe unaipiga kabla ya kuvua mkanda?"

"Kengele si hiyo hapo," akasema, akaendelea kupaka grisi.

Nikapanda kwa nesi nikamuuliza vizuri. Hajasikia kabisa kengele kutoka chini? Akafikiri. "Nasikia," akasema. "Nikiita mimi, miwili inakuja vizuri kabisa. Ule mmoja wa kuniita, ukiacha wa siku ya kwanza na huo uliopiga wewe leo, ndio sijausikia."

Hilo lilinikera kuliko kitu chochote. Waya unaopitisha miwili kila siku na kukataa mmoja, isipokuwa fundi akiwepo. Nilitembea nao mguu kwa mguu kutoka zahanati hadi mbugani, nikijisemea kwa sauti kama mwehu: marahaba inapanda, shikamoo haipandi. Marahaba inapanda, shikamoo haipandi. Nilisema hivyo njia nzima, na masikio yangu mwenyewe hayakunisikia. Nilikuwa natafuta shaba.

Nikakagua nguzo. Wanakijiji walikuwa wamezikata mbichi, miti ya mninga, wakazichimbia hivyohivyo kwa sababu mchwa hali mti ulio hai. Akili nzuri. Ila mvua zilipokuja, nguzo kadhaa zilichipua. Ulikuwa unaona nguzo ya umeme ina majani, na tawi limeegemea waya kama mtu amechoka. Nikakata matawi yote. Lakini wakati nakata nilikuwa najua kwamba silo. Umeme unatoka chini, kwa hiyo tawi linalouvujisha katikati ya njia lingekula wito wa nesi, si wa mzee. Hitilafu ya namna hiyo ingekuja kinyume.

Nikafungua maungio. Gundi ya kuzibia sikuwa nayo wakati nafunga, nikaziba kwa nta ya nyuki, ambayo kwetu Tabora haikosekani. Kila ungio kavu, zuri. Kisha nikaenda kumfungua mnyapara, nikaweka sikio kwanza, nikasikia ngurumo.

Nyuki. Walinusa nta, wakaona nyumba ipo tayari, wakahamia. Kwenye kona ya kisanduku walikuwa wameanza sega, na nyuki wamejibana katikati ya vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Nilishangilia. Nikaita mrina asali mmoja wa palepale, akawapulizia moshi, akawahamishia kwenye mzinga wake huku akinicheka. "Fundi, umewajengea na kuwafungia kengele."

Nikasafisha vyuma, nikaweka wavu mlangoni. Nikamwambia mwenyekiti mbele ya watu kwamba kazi imekwisha, nyuki ndio waliokuwa wanameza ule mlio. Nilisema kwa sauti. Nesi alisimama mlangoni akaniuliza swali moja tu: "Nyuki wamo kwenye kisanduku cha tangi. Kengele yangu iko ukuta mwingine. Wanaumezaje?" Nikamwambia umeme una mambo yake.

Kesho yake, jua la mchana limesimama, taa ikakata tena. Hakuna kengele. Nesi hakuja kunitafuta. Nilipanda mwenyewe nikamkuta anafunga dawa kwenye boksi na kuandika juu yake zilizomo, ili atakayekuja ajue.

"Shikamoo, dada," nikamwambia, kwa utani wa kuona haya, maana mimi ndiye mkubwa.

"Acha utani, fundi. Treni ni keshokutwa."

Nikateremka. Safari hii sikubeba koleo wala bisibisi. Nilichukua kigoda nikakaa ndani ya nyumba ya injini, karibu na kitufe, nikaamua sitoki mpaka nione kwa macho yangu mlio unapopotelea. Ilikuwa siku ya kusaga. Wa mchana walikuwa wamemaliza na mkanda umerudi kwenye dainamo, na sasa wanawake wa alasiri walikuwa wamepanga ndoo na magunia hadi nje, na kelele zao zinashindana na injini.

Mzee akafuta mikono. Akasimama mbele ya mkanda. Kabla ya kuugusa akaivuta injini ikanguruma, akaiachia, ikanguruma tena, kama mtu anayekohoa mlangoni. Halafu akanyoosha mkono auvue mkanda.

"Mzee, kengele," nikamwambia.

"Si nimeshakohoza?"

"Juu hawasikii injini. Piga kengele."

Akakitazama kitufe. Akafuta mikono tena, ingawa ilikuwa misafi. Kisha akasema polepole, "Piga wewe, fundi. Wewe umri wako unaruhusu."

Sikumwelewa. Nikabonyeza. Mlio mmoja. Baada ya kitambo miwili ikarudi kutoka juu, safi kabisa, na nyumba nzima ikalipuka.

"Marahaba! Nesi kaitikia marahaba!"

"Fundi kaamkia binti mdogo!"

"Leo afadhali ni fundi. Siku ile mzee wetu na kofia yake kashika miguu ya nesi!"

"Mwache mzee, naye ni kijana, hujui? Nesi ndiye bibi yake."

Bibi yuleyule wa gunia alicheka mpaka akashika mbavu. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanasubiri zamu, na mtu anayesubiri zamu hutafuta cha kucheka. Lakini nilimtazama mzee. Alikuwa amegeukia injini na kuinama kama anatafuta kitu chini, na shingo yake ilikuwa imekaza.

Mzee yule alikuwa amepiga kengele mara moja tu tangu niifunge, siku ya kwanza ya kusaga. Alipiga mmoja kama nilivyomfundisha, juu kukarudi miwili, na mbele ya nusu ya kijiji binti anayeweza kuwa mjukuu wake akawa amemwitikia marahaba. Walimcheka kama walivyonicheka mimi. Tangu siku hiyo hakukigusa kile kitufe isipokuwa kwa kujibu. Kujibu alijibu kila mara, kwa raha zake. Kuamkia kwanza hakuweza. Na jambo la namna hiyo mzee hamwambii fundi, wala mwenyekiti, wala mkewe. Nilimuuliza sijui mara ngapi na hakunidanganya hata mara moja. Hakunijibu tu.

Mjukuu wangu siku hizi ana kidude kinachowasha taa na feni za nyumba nzima kwa kupitia waya huohuo wa ukutani. Kikikwama anakibadilisha, anabadilisha taa, anabadilisha soketi. Nikimwambia atulie kwanza ajue kati ya kidude na taa nani anatakiwa aanze kusema na nani anatakiwa ajibu, ananiona mzee wa zamani. Namwacha. Atafika mwenyewe kwenye kigoda.

Nilimweleza mwenyekiti faraghani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa siasa, mwema, anayependa kusimama. Jioni ile kabla jua halijazama aliita watu mbele ya zahanati akahutubia. Akasema katika ujamaa hakuna mkubwa wala mdogo, sisi sote ni ndugu, na kengele ni mali ya umma. Kuanzia leo mlio mmoja si shikamoo tena. Ni "ndugu". Na miwili ni "ndugu" vilevile.

Watu wakapiga makofi. Nyuma yangu nikasikia mwanamke anamuuliza mwenzake, "Kwa hiyo sasa kasemaje?" Na mwenzake akamjibu, "Kaamkia kwa kusema ndugu." Nikajua imeshindikana. Jina likishakaa midomoni mwa watu hulitoi kwa makofi.

Nesi alikuwa amesikia yote. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Muda wote huo nilifikiri nina mkosi. Kumbe nina umri mdogo." Kisha akaongeza, "Mimi sitaki mtu mzima aniamkie, fundi. Hata nyumbani kwetu ningepigwa. Nataka taa tu. Mbona hamna namna ya kunipa taa bila kuniamkia?"

Aliingia ndani kumtazama mgonjwa. Nikabaki nimesimama kwenye baraza, nimeudhika na kila mtu, nikimtazama mnyapara ukutani na wavu wake mpya.

Hapo mzee akatokea. Alikuwa amepanda mwinuko wote ule peke yake, kanzu safi, kofia safi. Nafikiri alikuja kusema neno na yule binti, mkutano ulikuwa umemuumiza. Hakuniangalia. Alivua viatu, akasimama mbele ya mlango ulioegeshwa, akasema kwa sauti ya wastani:

"Hodi."

Ndani kimya. Nesi alikuwa na mikono yenye kazi.

Mzee akangoja. Akasema tena, "Hodi humu."

"Karibu. Subiri kidogo tu, nakuja."

Akasubiri. Wala hakukunja uso. Alisimama pale mikono nyuma, mzee mzima, mbele ya mlango wa binti, akisubiri aambiwe aingie. Nesi alipotokea alipiga goti kidogo, "Shikamoo, mzee," na yeye, "Marahaba, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwenye baraza. Mzee ameanza kusema. Yeye kwanza, binti baadaye. Amesubiri kujibiwa. Na hakuna kitu kilichopungua kwake, hata kidogo. Mbele ya mlango wa mtu kila mmoja anapiga hodi, hata baba kwa mwanawe, hata mwenyekiti, hata mtemi wa zamani. Mwenye nyumba ndiye anayekaribisha, awe na umri gani.

Nikawaita wote wawili nikawaambia palepale. Kutoka juu hatubadilishi kitu: mmoja shikamoo, miwili marahaba, mnyapara naye aendelee kuamkia kama alivyolelewa. Kutoka chini ni milio mitatu. Mitatu ni hodi. Anayebisha ni mtu wa chini, nyumba ni ya nesi. Miwili inayorudi baada ya mitatu ni karibu. Asipokaribishwa, hagusi mkanda.

Mzee akauliza, "Na kama hajibu?"

"Ukibisha hodi kwa watu wasijibu, unaingia?"

"Siwezi kuingia."

"Basi."

Nesi alisema tu, "Tutaona," na kamba ya sanduku haikulegezwa.

Kesho yake nilihakikisha mimi ndiye wa kwanza kulisema lile jina, kabla mtu mwingine hajalipa lake. Nilisimama mlangoni kwa mashine, kila mwanamke aliyetua ndoo namwambia: leo mtamsikia mzee anabisha hodi zahanati. Ilipofika saa ya kusaga, mzee akafuta mikono, akasogea kwenye kitufe kwa hatua za mtu anayekwenda ugenini, akabonyeza. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kwa kupumzika katikati, kama inavyotakiwa.

"Anabisha hodi kwa nesi," wakasema.

"Mzee, umebeba zawadi gani?"

"Nyumba ya watu huingii hivihivi," akawajibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka pamoja nao.

Kisha tukangoja. Miwili haikurudi. Injini inanguruma, dainamo inazunguka, mahindi yamekaa. Bibi wa gunia alikuwa wa kwanza kuchoka.

"Baba, vua huo mkanda, tuna watoto nyumbani."

Mzee hakugeuka.

"Pengine kengele imekufa tena. Fundi mwenyewe huyu hapa, muulize."

Nilitaka kusimama. Mzee akaniwekea mkono begani nikae. Wakaanza kupiga kelele wote, mmoja akasema atauvua mkanda mwenyewe, mwingine akasema unga utasagwa mwakani. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kile kitufe mikono nyuma, vilevile nilivyomwona barazani.

"Sijakaribishwa," akasema.

Hakusema lingine. Kila walipomsonga alirudia hilohilo, bila hasira, kama mtu anayetaja jina la mahali. Sijakaribishwa. Na wale wanawake, nakuambia, walipungua sauti mmoja mmoja. Nani kati yao angemwambia mtu mzima aingie nyumba ya watu bila kukaribishwa?

Miwili ilikuja tumeshakata tamaa. Karibu. Mzee akauvua mkanda kwa utaratibu, akauvisha kwenye mashine, na unga ukaanza kumwagika.

Nilipanda juu. Nesi alikuwa barazani ananawa mikono hadi viwikoni, na ndani kitoto kinalia kwa hasira. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Ilipolia mitatu nilikuwa siwezi kuachia hata kidole," akasema. "Nikajua sasa hivi taa inakata. Nikasubiri ikate. Haikukata." Akamimina maji tena. "Alikuwa anasema nini huko chini muda wote huo?"

"Alikuwa anasema hajakaribishwa."

Akafuta mikono, akaniuliza kama nina mkono wenye nguvu, maana lile fundo la kamba ya katani kwenye sanduku alilikaza vibaya na yeye vidole vimekufa ganzi. Nikalifungua.